Shajara ya Hilux ya 1992: kufumua viraka vya waliotangulia

Kabla ya spana

Toyota Hilux ya mwaka 1992, pikapu ya kebini moja, dizeli, injini ya 2L ya sentimita za ujazo 2,446, gia tano, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Haina kompyuta, na kwangu hilo ndilo lililonishawishi: chochote kinachoifanya injini hii iende unaweza kukishika kwa mkono au kukipima kwa multimita ya kawaida.

Malalamiko yake niliyaandika yote kabla ya kugusa kitu, maana ukishaanza kufungua unasahau ulikuwa unatafuta nini. Asubuhi inawaka kwa taabu, na ikiwaka inatoa moshi mweupe na kutikisika mpaka ipate joto. Kwenye tambarare mshale wa joto haufiki hata robo. Kwenye mlima mrefu ikiwa na mzigo inachemsha. Ukikanyaga breki kwa nguvu inavutia kushoto. Taa za mbele hafifu. Nyuma kuna kitu kinagonga kila ikivuka tuta. Kutu ipo, ya kutosha.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiosha, hasa chini ya gari na mbavu za injini, kwa brashi na dawa ya kukata grisi. Gari lililoganda mafuta na vumbi halikuonyeshi linavuja wapi. Likishakuwa safi, liendeshe kidogo, lirudishe, kisha lala chini na tochi: tone jipya linajitaja lenyewe, na rangi yake inakwambia limetoka kwenye injini, difu (gia za eksili ya nyuma), rejeta au breki.

Nilichokiona baada ya uchafu kutoka kilinibadilishia mpango mzima. Uvujaji ni mdogo. Kinachotisha ni viraka. Silikoni nyekundu imefurika kwenye kingo mahali pa gasketi. Bolti za mfuniko mmoja zina vichwa vya 10, 12 na 14. Kuna waya mnene wa bluu unaotoka moja kwa moja kwenye betri, unapenya ukuta wa kebini kwenye tundu lisilo na mpira, unaishia kwenye kitufe cha kubonyeza chini ya dashibodi. Gari hili limepita mikono mingi, na kila mkono umeacha alama yake.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: sinunui kifaa kipya mpaka nijue aliyenitangulia alifanya nini mahali pale na alikuwa anakwepa nini. Uchakavu una njia zake zinazofahamika, na kitabu cha ufundi kinazieleza. Kiraka hakimo kitabuni. Na mara nyingi chini ya kiraka ugonjwa wa mwanzo bado upo, haujaguswa.

Umeme: volti zinapotelea wapi

Nilianza na umeme kwa sababu nusu ya vipimo vingine vinautegemea.

Kwenye kisanduku cha fyuzi, tundu mbili hazina fyuzi bali uzi wa waya uliokunjwa. Fyuzi ya ampea 15 kazi yake ni kuungua kabla waya haujaungua. Ukiweka waya mahali pake, kitakachoungua ni gari. Nilizitoa, nikaweka fyuzi halisi za kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha nikasubiri kuona ipi itakatika. Ikakatika ya taa za nyuma. Kosa likapatikana pale waya unapopita juu ya chasisi: ngozi yake imesuguliwa mpaka shaba inagusa chuma. Mtu alichoka kubadilisha fyuzi.

Kisha stata. Ilikuwa inazunguka kivivu, na kawaida watu hukimbilia kununua betri au stata. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikapima tena stata ikizunguka: kwenye nguzo za betri 10.4, kwenye stata yenyewe 8.9. Volti moja na nusu inaishia njiani. Hapo ndipo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinapofanya kazi. Unaweka ncha moja ya multimita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye bolti ya stata, mtu anapiga stata, unasoma kilichopotea upande huo: 0.3. Sawa. Halafu nguzo hasi ya betri na bodi ya injini: 1.2. Mwizi kaonekana bila kufungua nati hata moja.

Waya wa ethi, yaani ule wa hasi unaoshikana na chuma cha gari, ulikuwa umefungwa kwenye chasisi juu ya rangi, na mkanda unaounganisha injini na chasisi haukuwepo kabisa. Injini ilikuwa inapata ethi, sijui niseme nini, kupitia kebo ya kuongezea moto na chochote chenye chuma kinachoigusa. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga mkanda mnene wa shaba kutoka kwenye bloku hadi kwenye chasisi, nikapaka grisi juu ili kutu isirudi. Upande wa hasi sasa unapoteza 0.1. Stata ni ileile, betri ni ileile, na injini inazungushwa kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia.

Taa za mbele nazo ziliugua ugonjwa huohuo. Betri ikichajiwa ilisoma 13.9, lakini kwenye soketi ya taa ikafika 11. Balbu mbili za wati 60 zinakula takriban ampea 10, na zote zilikuwa zinapita kwenye swichi ya miaka zaidi ya thelathini iliyoko kwenye stelingi. Mwanga wa balbu ya waya hupungua kwa kasi kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unaondoka karibu asilimia 30. Nimeweka rilei mbili (swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo) karibu na betri, moja ya taa ndefu na moja ya fupi, zenye fyuzi zake, na swichi ya zamani sasa inaamsha rilei tu. Kwenye soketi: 13.4. Hakuna haja ya balbu kali zinazoyeyusha soketi.

Kuwaka asubuhi

Moshi mweupe wakati wa baridi, wenye harufu inayochoma macho, ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Kwenye 2L dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inarushwa kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na chumba hicho kikiwa baridi kinanyonya joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana ina hita plagi nne, za kupasha vyumba hivyo moto kabla ya kuwasha.

Kupima ni rahisi. Unafungua bamba linaloziunganisha, unapima kila moja kati ya ncha yake na bodi ya injini. Nzima husoma chini ya ohmu moja au karibu na hapo. Iliyokufa haisomi kitu. Mbili nzima, mbili zimekufa.

Na hapa ndipo waya wa bluu ulipojieleza. Kifaa kinachopanga muda wa hita kiliacha kufanya kazi, mtu akakikwepa kwa kitufe: bonyeza, hesabu kichwani, piga stata. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini hita plagi zipo za aina tofauti, na zipo zilizotengenezwa kwa volti ndogo, zinazopewa volti 12 kamili kwa muda mfupi sana ili ziwahi kuwiva, kisha umeme unapunguzwa. Nilipozitoa, zile mbili zilizokufa zilikuwa za volti ndogo, na mbili nzima ni za volti 12. Mtu alinunua zilizoingia kwenye uzi bila kusoma maandishi. Kila asubuhi kitufe kilikuwa kinazichoma.

Kuzitoa kunataka subira. Ncha ya hita plagi iliyochomwa kupita kiasi huvimba, na ukilazimisha inakatikia ndani ya chumba. Hapo silinda hedi lazima ishuke. Nilifanya injini ikiwa na uvuguvugu, mafuta ya kulainisha kutu yamelala usiku kucha, robo mzunguko kufungua, nusu yake kurudisha, tena na tena. Zote zilitoka nzima. Nimefunga nne za aina moja, za volti 12, nimerudisha rilei na kifaa cha muda, na waya wa bluu nimeuvuta wote. Tundu la ukutani nimeliziba kwa mpira.

Siku iliyofuata ikawaka bila moshi, lakini baada ya stata kuzunguka mno. Ukipampu kwa mkono kabla ya kuwasha, inawaka mara moja. Dalili hiyo ina maana moja: dizeli inarudi kwenye tangi usiku kwa sababu kuna mahali hewa inaingia.

Ubaya wa upande huu wa mfumo ni kwamba dizeli inavutwa, haisukumwi. Penye ufa hutaona tone. Hewa ndiyo inayoingia. Niliunga kipande cha hozi inayoonyesha ndani kati ya filta na pampu ya dizeli, nikawasha, nikaangalia: mapovu madogo yanapita mfululizo. Nikahamisha kipande kabla ya filta: hakuna povu. Basi ni filta yenyewe au pampu ya mkono iliyo juu yake. Mpira wa ndani wa pampu ya mkono ulikuwa umepasuka. Nimebadilisha kichwa kizima cha filta, na hozi zote za mpira kuanzia tangini, pamoja na zile fupi za marejesho zinazounganisha nozeli, ambazo mbili zilikuwa zimebanwa kwa waya wa kufungia uzio mahali pa klipu. Chini ya filta nikafungua kizibo cha kutolea maji. Yalitoka, tena si haba. Maji ni adui wa pampu ya dizeli kwa sababu pampu hiyo inalainishwa na dizeli yenyewe.

Kupoza

Nilifungua nyumba ya themostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, nikakuta patupu. Nilitarajia.

Kuitoa themostati ni dawa maarufu ya gari linalochemsha, na ni dawa mbaya. Bila themostati maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake, dizeli haiungui vizuri, mafuta ya injini hayakaushi unyevu. Na gari bado linachemsha mlimani, kwa sababu kilicholichemsha tangu mwanzo hakikutibiwa.

Kabla ya yote nilitaka kujua kama silinda hedi ni nzima, maana ikiwa imepasuka hayo mengine yanasubiri. Injini baridi, rejeta imejaa, kifuniko wazi, washa. Gasi ya silinda ikipenya kwenye maji utaona mapovu yasiyokoma, na hozi ya juu inakakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha, hata kabla maji hayajapata moto. Mapovu machache ya hewa iliyonaswa yalitoka yakaisha. Hozi laini. Nikashusha pumzi.

Nikamulika rejeta kwa kipimajoto cha miali. Juu digrii 86, katikati 80, pembe mbili za chini 45. Rejeta nzima hupoa taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotokea. Sehemu iliyo baridi ghafla ni sehemu ambayo maji hayapiti. Ni ya shaba, tangi zake zimelehemiwa, kwa hiyo fundi wa rejeta aliweza kubandua tangi la juu na kuzibua mirija kwa fito. Kilichotoka kilikuwa kutu ya injini iliyochanganyika na ile dawa ya unga ya kuzibia matundu. Dawa hiyo haichagui. Inaziba tundu, inaziba na mirija.

Mengine matatu yalikuwa madogo kwa sura. Mfuniko wa plastiki unaoizunguka feni haukuwepo. Bila huo feni inavuta hewa ya kando badala ya kuipitisha kwenye rejeta yote. Klachi ya feni ilikuwa imepoteza mafuta yake mazito ya silikoni: injini ikiwa moto na imezimwa, ukiisukuma feni kwa kidole inazunguka bila ukinzani wowote. Na kifuniko cha rejeta kilikuwa na mpira uliopasuka. Hiki cha mwisho watu hukidharau. Kimeandikwa 0.9, yaani kinashikilia mgandamizo wa bar 0.9, na chini ya mgandamizo huo hata maji matupu hayachemki mpaka karibu digrii 118. Kisiposhikilia, yanachemka kwenye 100 kama sufuria, au mapema zaidi ukiwa umepanda milimani.

Themostati mpya niliitia kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto kabla ya kuifunga. Ilianza kufunguka palepale ilipoandikwa, 82. Ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Hicho kikae juu, ndipo hewa inapotokea wakati wa kujaza. Maji ya kupozea ni nusu dawa, nusu maji yaliyosafishwa. Hata pasipo na baridi ya kugandisha, dawa ile ndiyo inayozuia kutu iliyokuwa imeziba rejeta.

Mshale sasa unapanda hadi katikati na kukaa hapo.

Taiming belti

Kwenye dashibodi ya gari hili kuna taa inayoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha taiming belti, mkanda unaoendesha vali kwa mpangilio na pistoni, ubadilishwe. Kwangu haikuwaka hata wakati wa kufungua swichi. Nilipofungua dashibodi, balbu imetolewa.

Basi sikuwa na cha kujadili. Mkanda ukikatika kwenye injini hii vali zinakutana na pistoni. Nimefunga mkanda mpya, kikazio chake, na oili sili za mbele za krenki na kemshafti, kwa sababu mafuta yakiufikia mkanda mpya yanaula. Baada ya kufunga, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha uangalie alama upya kabla ya kugusa stata. Alama zikikaa, vizuri. Ukihisi chuma kinagota, umesimama kwa mkono wala si kwa nguvu za stata.

Nafasi za vali nilizipima siku hiyohiyo kwa fila geji, injini baridi: za kuingiza 0.20 hadi 0.30 milimita, za kutoa 0.40 hadi 0.50. Moja ya kutoa ilikuwa imebana, 0.30. Vali inayobana haipigi kelele, na ndiyo inayoungua. Inayogonga angalau inaomba msaada. Nimebadilisha kibamba chake cha juu, nimerudisha balbu ya T-BELT.

Breki

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na sijutii.

Gari liko juu ya stendi nne, magurudumu yote yametoka. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asibesto, kwa hiyo halipulizwi kwa upepo. Linaloweshwa na kufutwa. Mbele kushoto sawa. Mbele kulia kalipa imekwama kwenye pini zake za kuteleza, pedi ya ndani imeisha, ya nje bado nene. Pini zimesafishwa, zimepakwa grisi ya breki isiyoyeyusha mpira, pedi mpya pande zote mbili. Hapo nilidhani nimepata sababu ya kuvutia kushoto.

Nikafungua drami ya nyuma kulia. Viatu vimelowa mafuta ya breki, vikavu juu lakini vimeganda weusi. Wili silinda ilivuja siku nyingi, lakini sasa haivuji. Kwa nini haivuji? Nikafuata paipu ya chuma inayopita juu ya eksili kutoka kwenye kiungo cha T, nikaifuta matope kwa kidole, nikakuta mahali ilipokunjwa na kupigwa nyundo ikawa bapa. Mtu aliona inavuja, akalifunga gurudumu zima. Gari hili limekuwa likisimama kwa magurudumu matatu, moja kati ya hayo likiwa nusu, sijui kwa miaka mingapi.

Sina neno la upole kwa hilo. Waya wa bluu ni uvivu. Kukunja paipu ya breki kisha kumkabidhi mwingine ufunguo ni jambo jingine kabisa.

Nimetoa paipu zote za eksili, nimeweka mpya za aloi ya shaba na nikeli, ambazo hazishiki kutu na zinapindika bila kupasuka. Ncha zake zimekunjwa mara mbili kwa kifaa chake, kwa sababu mkunjo mmoja hauhimili mgandamizo wa breki. Wili silinda mpya pande zote mbili, viatu vipya pande zote mbili. Viatu havibadilishwi upande mmoja. Gurudumu la nyota la kurekebishia lina uzi tofauti kushoto na kulia. Ukivichanganya, badala ya kukaza yenyewe inalegeza yenyewe.

Nyuma kuna pia vali inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Mkono wake umeshikana na eksili: gari likiwa tupu nyuma inanyanyuka, vali inapunguza nguvu ya nyuma ili tairi zisikwame na kuteleza, likibeba, nyuma inashuka, vali inaruhusu zaidi. Mkono huo ulikuwa umefungwa kwa waya pembeni. Nimeurudisha.

Mafuta ya breki yaliyokuwemo yalikuwa meusi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani hata chupa ikiwa imefungwa vibaya tu. DOT 3 mpya huchemka kwenye digrii 205 au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140, na kwenye mteremko mrefu hilo linafikiwa. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, pedali inazama.

Kutoa upepo nilifanya na mpwa wangu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mjomba."

"Shikilia hapo, usiachie." Nafungua kizibo robo, mafuta yanatoka na mapovu kwenye hozi iliyozama ndani ya chupa, nakaza. "Achia."

Kuanzia gurudumu la mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki), kisha linalofuata, mwisho ile vali ya mzigo ambayo nayo ina kizibo chake. Yeye kazi yake nyingine ni kutazama chombo cha juu kisikauke, maana kikikauka tunaanza upya. Mara ya kwanza aliniuliza kwa nini asikanyage harakaharaka kumaliza kazi. Nikamwonyesha hozi, mapovu makubwa yanavyogawanyika kuwa madogo yasiyotoka.

Mwisho, servo, kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki. Injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, washa: lazima izame kidogo. Ilizama, lakini kwa kuchelewa. Kwenye 2L pampu ya kuvutia hewa ya servo imefungwa mgongoni mwa alteneta na inalainishwa na mafuta ya injini. Sili yake ilikuwa inaachia mafuta kuingia kwenye alteneta. Sili mpya, hozi mpya, burashi za alteneta zimesafishwa.

Springi na kutu

Kugonga kwa nyuma hakukuwa kitendawili. Bushi za springi zimekwisha, na juu ya majani ya asili kumeongezwa jani nene la gari jingine lisilolingana kwa upinde, likifanya kazi peke yake. Nimelitoa. Pikapu hii inabeba kilichoandikwa kwenye kibati chake. Anayetaka zaidi atafute lori. Bushi mpya za mpira zisikazwe gari likiwa hewani: lishushe likalie tairi, ndipo ukaze, la sivyo mpira unabaki umesokotwa na kuchanika mapema.

Chasisi ilinipa kazi upande wa kushoto, karibu na mkono wa nyuma wa springi. Kilikuwepo kibati kilichochomelewa juu ya kutu, pande nne zote, vizuri kwa sura. Nyundo ikagonga, sauti ikawa butu. Kilipokatwa, nyuma yake chuma cha asili kilibaki maganda, na maji hayakuwa na pa kutokea. Kuchomelea chasisi sikufanya mwenyewe. Anayejua kuchomelea geti hajui kuchomelea chasisi, na mimi najua geti. Fundi alikata mpaka kwenye chuma kizima, akaweka bamba la unene uleule lenye ncha za mshazari, ili mstari wa kuchomelea usikate chasisi wima na kuifanya ipasuke hapo. Kabla yake tulitenganisha betri na alteneta, na tangi tukaliondoa kabisa. Baada ya kupoa nilizibua matundu ya kutolea maji kwa waya, yote yalikuwa yameziba tope, nikapulizia nta ndani ya chasisi.

Giaboksi na difu

Fungua kwanza kizibo cha kujazia, kabla ya kile cha kumwagia. Ukimwaga halafu cha kujazia kikagoma, una gari lisiloweza kutembea. Cha difu kilifunguka kwa bomba refu kwenye mpini wa spana. Mafuta mapya 75W-90. Kwenye sumaku ya kizibo kulikuwa na unga laini wa chuma, hakuna vipande.

Safari ya mzigo

Mifuko ya mchanga nyuma, uzito wa wastani, mlima mrefu kisha mteremko uleule. Kupanda, mshale haukutoka katikati. Kushuka nilitumia gia ya tatu na breki za vipindi, chini nikasimama na kumulika kwa kipimajoto: mbele kushoto digrii 121, mbele kulia 118, nyuma 84 na 80. Pande mbili zinafanya kazi sawa. Breki ya ghafla kwenye changarawe, mikono imeachia usukani kidogo, ikanyooka. Niliporudi nilikaza upya bolti za U za springi, zilikubali karibu robo mzunguko, kama kawaida yake baada ya mzigo wa kwanza.

Yaliyobaki: mlango wa kulia unahitaji bawaba, na oili sili ya nyuma ya krenki inaachia tone dogo. Hiyo haibadilishwi bila kushusha giaboksi, na klachi bado inashika vizuri. Nimeweka alama kwa chokaa kwenye sufuria ya oili, nitapima kiwango kwa kijiti kila Jumamosi. Siku klachi itakapoanza kuteleza vyote viwili vitatoka pamoja.